Fundi Saa wa Nshamba na Mwezi Wake Mkaidi

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mimi watu wa Nshamba watawaambia wenyewe: mwezi niliutafuna mimi.

Sikuuiba wala sikuuvunja. Niliutafuna kwa meno yangu, Jumamosi, mchana kweupe. Nilikuwa nimerudi jana yake kutoka shule ya bweni Bukoba, na mama alinituma dukani kwa Fundi Saa kuchukua saa yetu ya mezani, ambayo ilikuwa imelazwa huko tangu kabla ya masika. Fundi hakuwapo mbele. Nikakaa kwenye benchi la wateja.

Mbele ya benchi, juu ya kinu kilichopinduliwa, palikuwa na kidude ambacho sikuwahi kukiona. Kiliundwa kwa magurudumu ya saa zilizokufa na springi kubwa ya saa ya ukutani. Katikati palisimama kibuyu kilichopakwa rangi ya njano, kimevishwa pete pana ya bati lililokatwa kwenye debe la mafuta ya taa. Nyaya fupi zilichomoza kando yake, kila moja na ushanga nchani, zikizunguka kibuyu kwa haraka. Waya mmoja ulikuwa mrefu kupita yote, mrefu kama fimbo ya kuchungia, nao ulikwenda taratibu mno. Ukaja, ukaja, usawa wa uso wangu. Nchani mwake palikuwa na tunda la kahawa, ile akamwani yetu, iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo kwetu mgeni hupewa atafune kabla hajaulizwa habari za alikotoka.

Sasa niambieni ninyi. Mhaya amekaa kwenye benchi la watu. Kahawa inamjia mdomoni polepole, kwa adabu, kama inayosogezwa na mkono wa mwenye nyumba. Afanye nini? Nilidhani Fundi amevumbua mashine ya kukaribisha wageni. Nikafungua mdomo.

Fundi akatoka ndani na kichupa cha mafuta. Akaitazama ncha ya waya. Akanitazama mimi. Taya langu lilikuwa bado kazini.

"Mwezi wangu uko wapi?"

"Mwezi gani, Waitu?" nikamuuliza, kwa neno letu la heshima.

"Huo unaoutafuna."

Taya likasimama. "Nilidhani umenikaribisha."

Mtu mwingine angenizaba kofi, na kwa haki. Yeye alisogea karibu, akainama kunichungulia mdomo kama anayechungulia saa. "Una ladha gani?"

"Umekauka mno."

"Lazima," akasema. "Uko mbali sana na jua."

Tunda la kahawa hubeba punje mbili. Moja ilikuwa mdomoni mwangu, ya pili ilikuwa imebaki kwenye waya. Akaichomoa, akaitia mdomoni mwake, tukatafuna pamoja. Hivyo ndivyo wazee wetu wa zamani walivyofunga undugu, kwa kugawana tunda moja la kahawa lililopakwa damu kidogo.

"Damu tuiache," akasema Fundi. "Mama yako ni Mlutheri mkali. Lakini kuanzia leo ukinigeuka, tumbo litakuvimba."

Huyo ndiye mtu ninayetaka kuwaeleza. Jina lake nalijua, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita Fundi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kwenye paji la uso alifunga kwa uzi ile lenzi ndogo ya mafundi wa saa. Hakuivua. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo kanisani, alizika nayo watu. Watoto wadogo waliamini kwamba ana macho matatu na kwamba la tatu ndilo linaloona wezi wa ndizi. Niliyewaambia ni mimi.

Skrubu kwake zilikuwa kama mchele kwa watu wengine: zilimwagika kila mahali. Siku moja nilikaribishwa chakula kwake, ndizi na maharage, nikang'ata kitu kigumu. Nilipokitema mkononi Fundi alikipokea kwa furaha kuu. "Hii naitafuta tangu Pasaka!" Mkewe hata hakuinua uso. "Kula, mwana wange," aliniambia, "zikizidi mbili uniambie."

Saa alizihurumia kuliko watu. Alisema, "Huyu ana homa," "Huyu amechoka," "Huyu alianguka akiwa mdogo." Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa moja: "Ikipona itakuita." Na ukiwa na haraka alikurudishia hapo hapo. Kitu kimoja tu kilimfanya apige kelele, nacho ni mtu kuigonga saa iliyosimama ili iamke. Niliwahi kumsikia akimfokea mnunuzi wa kahawa, mtu mzima mwenye kitambi: "Mama yako akinyamaza, unamgonga mezani?"

Lakini huyu aliyeziweka sawa saa za Nshamba nzima hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Yeye ndiye aliyeitunza saa ya kanisa letu, ile kubwa ya ukutani yenye mlango wa kioo. Kila Jumamosi jioni alikwenda na ufunguo wake kuitia nguvu ya juma zima, na haikukosea hata dakika. Jumapili yenyewe aliingia wakati wa wimbo wa pili, akipita katikati kwa utulivu, lenzi usoni. Alipoulizwa, alijibu: "Nimeiweka sawa ili ninyi muwahi."

Saa ya misheni ya Wakatoliki aliitengeneza bure. Miaka ile jambo hilo halikuwa dogo. Kulikuwa na Walutheri ambao hata mvua ikiwapata karibu na kanisa la Wakatoliki walichagua kulowa. Akina mama wa kwaya wakanong'ona. Mama yangu, ambaye ndiye kiongozi wao, hakunong'ona, alikwenda kumuuliza waziwazi. "Saa haijabatizwa," Fundi alimwambia, na mama akarudi nyumbani akiwa hajui kama akasirike.

Wakati huo kila mwenye kibanja cha maana cha migomba na kahawa alitaka saa ya mkononi, iende isiende. Mzee wa Kanisa wetu, mwenye kahawa nyingi kuliko wote na kofia ya kijivu aliyoivaa hata kivulini, alileta yake na ombi la ajabu. "Mishale iache. Nataka isikike tu." Alipenda kuinyanyua sikioni katikati ya kikao, halafu kutikisa kichwa kama mtu mwenye mambo mengi. Fundi akamwambia, "Waitu, saa inayosikika bila kwenda hiyo ni panya." Akaitengeneza yote, mishale na kila kitu. Tangu siku hiyo watu walianza kumuuliza Mzee wa Kanisa saa ngapi, naye kusoma saa hakujua. Kitendo hicho hakukisahau.

Nimesema juu ya mwezi, lazima nieleze ulivyokuja.

Likizo iliyotangulia, Fundi alipokea kifurushi cha vioo vya saa kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini. Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha Kiingereza. Mwenyewe Kiingereza hakukijua, ila kwenye karatasi palikuwa na picha ya duara lenye pete, na picha hiyo ilimnasa. Akaniita nimsomee.

Hapa yabidi muelewe mimi ni nani Nshamba. Mimi ndiye niliyetangaza, siku ya soko, kwamba senene, wale panzi wetu watamu wa kukaanga, wametua nyuma ya zahanati. Senene, saa sita mchana, tena si msimu wao! Soko zima lilikimbia na vikapu. Aliyetangulia mbele ya wote, akiwa na kikapu kipya, ni mama yangu mzazi. Sitaeleza kilichonipata jioni yake. Ninachotaka mjue ni kwamba tangu hapo hata nikisema nina njaa, mama hunitazama kwanza tumboni.

Basi nikasoma. Karatasi ilisema kwamba lile jitu lenye pete ni sayari, ndiyo Zohali, na lina miezi tisa. Minane inalizunguka kwa upande mmoja, kama watu waungwana. Wa tisa ni mdogo, uko mbali sana na wenzake, unatumia kama mwaka na nusu kulizunguka jitu mara moja, na unazunguka kinyume. Ilisema pia kwamba huenda haukuzaliwa pale. Huenda ulikuwa mpita njia, jitu likauvuta likauzuia, nao ukabaki.

Nilimsomea bila kuongeza kitu. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu lilikuwa jambo la ajabu kuliko lolote ambalo ningeweza kulitunga.

Fundi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kesho yake akaniita tena: "Soma." Keshokutwa pia: "Soma." Siku ya tatu ndipo akacheka. "Saa nikitaka kujua kama ni nzima, naiacha siku tatu. Hukubadilika hata neno."

"Kwa hiyo unaniamini?"

"Wewe sikuamini hata kidogo. Ninayoamini ni hizo siku tatu."

Akaupa mwezi ule jina: Mkaidi. Alimzungumzia kama jirani. "Alikuwa anapita zake," aliwaambia wateja, "akashikwa. Wakamwambia, haya, zunguka kama wenzako. Akasema, kuzunguka nitazunguka, lakini njia nitachagua mwenyewe." Karatasi yenyewe ilipotea kijinga. Fundi alikuwa na desturi ya kufunga kila kitu kwa kila kitu, na msimu wa senene, wa kweli safari hii, akaifungia senene wa kukaangwa. Mafuta yakala maandishi yote. Kikabaki kikaratasi kinachong'aa, kinanukia vizuri sana, hakisomeki.

Na jambo la kushangaza zaidi: angani kwenyewe hakutazama. Jioni moja, mara baada ya jua kuzama, nilimvuta nje nikamwonyesha. "Zohali ile pale, ya njano kidogo, juu ya migomba." Akainua uso kwa muda wa kupiga chafya. "Sawa. Ipo." Akarudi ndani kwenye magurudumu yake. Alisema shingo inamuuma.

Sasa ule mwezi tulioutafuna ulipata mrithi, maana kahawa haikosekani kwetu, na kidude kikawa kinazunguka kila siku mbele ya duka. Watu walikuja kutazama. Siku moja akaja Mzee wa Kanisa. Alitazama kwa makini, mikono nyuma.

"Huo mmoja unakwenda kinyume."

"Ndivyo unavyokwenda, Waitu."

"Nani kasema?"

Fundi, mtu mkweli, akanitaja.

"Yule wa senene?" Mzee wa Kanisa alicheka hadi kofia ikakaa upande. Lakini alipomaliza kucheka hakuondoka. Alisema kwa sauti, benchi zima lisikie, kwamba fundi ambaye gurudumu lake linarudi nyuma ama ameshindwa kazi ama ameanza kuchanganyikiwa, na kwamba Mungu hakuumba vitu ili vipingane.

Juma lile lile wateja watatu walikuja kuchukua saa zao zikiwa bado zimefunguliwa matumbo. Siku ya Alhamisi baraza la kanisa likakaa na kuamua: ufunguo wa saa ya kanisa urudishwe kesho yake. Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Baada ya ibada Fundi alete kidude chake uwanjani. Mwezi ule ukienda kama wenzake, ufunguo ni wake. Ukienda kinyume, saa ya kanisa itapata fundi mwingine kutoka Bukoba.

Jioni ile mama alinikalisha jikoni, akafunga mlango.

"Ulimsomea nini Fundi?"

"Kilichoandikwa."

"Wewe mtoto, nitazame. Ulimsomea nini?"

"Mama, kilichoandikwa!"

Akavuta pumzi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Sikiliza. Jumapili utasimama mbele ya watu. Utasema ulimdanganya. Watu watakucheka, umeshazoea. Yeye atabadilisha kile kigurudumu, apewe ufunguo wake, yaishe. Ametunza saa ile tangu sijaolewa. Unataka mchezo wako umuue?"

Muone mtego ulivyokuwa. Maisha yangu yote nilidanganya bure, bila kuombwa, kwa kujifurahisha. Leo mama yangu, kiongozi wa kwaya, ananiomba uongo mmoja tu, wenye faida, kwa ajili ya mtu ninayempenda. Na mimi sitaki.

Nikakimbia kwa Fundi. Nilimkuta anausugua ule ufunguo kwa kitambaa ili aurudishe ukiwa safi.

"Nitasema nilikudanganya," nikamwambia.

"Ulinidanganya?"

"Hapana."

"Sasa utasemaje?"

"Nina uzoefu."

Alicheka kidogo. Nikamuuliza kwa nini asikitoe tu kile kigurudumu cha kati, kile kinachougeuza ule waya. Ni kazi ya dakika moja. "Ndiyo shida yenyewe," akasema. "Ingekuwa kazi ngumu ningewaambia nimejaribu nimeshindwa." Akaokota skrubu mezani aifunge mahali pake. Ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Na yule mtu ambaye angeweza kutambaa nyumba nzima kwa ajili ya skrubu moja hakuinama kuitafuta.

Hapo ndipo nilipokumbuka misheni.

Shule yetu ina vitabu, lakini Bukoba ilikuwa mbali na siku zilizobaki ni mbili. Misheni ya Wakatoliki, yenye vitabu pia, ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, ikiwa baiskeli ina breki. Ya baba haikuwa nazo. Ijumaa nilifika nimechubuka magoti yote mawili. Padre, mtu wa kwetu kabisa, mnene na mpole, alinipokea barazani. Nikamweleza yote, kuanzia karatasi hadi senene. Mkononi alikuwa na saa, na nilimwona akiitazama nilipomtaja Fundi.

Akaniingiza kwenye chumba chenye makabati ya vitabu vikubwa vya Kiingereza, vya kueleza kila kitu duniani kwa kufuata alfabeti. Akavuta kimoja, kizito kama jiwe la kusagia. Akafunua, akapitisha kidole. Kidole kikashuka, kikasimama. Moyo wangu nao ukasimama.

"Soma hapa," akasema. "Macho yangu yamechoka."

Nikasoma. Miezi tisa. Wa tisa mdogo, wa mbali, unazunguka kinyume. Nilipiga ukelele ambao nadhani haujawahi kupigwa ndani ya nyumba ya mapadre.

"Nipe nikipeleke, Padre! Nitakirudisha Jumatatu!"

"Kitabu hakitoki."

"Basi niandikie barua."

"Nitakuandikia, wataisoma, halafu watauliza imeletwa na nani." Akanikazia macho. "Wewe si ndiye yule wa senene?"

Sifa zangu zilikuwa zimevuka hadi kwa Wakatoliki. Nikainamisha kichwa.

"Kitabu hakitoki bila mimi," akasema Padre. "Jumapili, nikimaliza misa ya pili."

Sikumwambia mtu. Nani angeamini?

Jumapili ibada ilianza kwa kukisia. Jumamosi hakuna aliyeweza kuitia saa nguvu, ikasimama asubuhi ile ile, na kengele ikapigwa mara mbili kwa sababu mpiga kengele hakuwa na uhakika na ya kwanza. Mikungu ya ndizi ilijaa hadi mlangoni, kuku wakajibu kila sala. Baadaye watu wote wakatoka uwanjani. Kinu kiliwekwa katikati, kidude juu yake. Mzee wa Kanisa akaletewa kiti, akakiweka mbele kabisa, karibu kuliko mtu yeyote. Fundi alisimama kando, lenzi usoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amewahi.

"Kabla hajazungusha," akasema Mzee wa Kanisa, "huyu kijana ana neno."

Mama alinitazama kutoka kwenye kwaya, akanipa ishara ya kichwa. Nikasimama. Barabarani hapakuwa na hata vumbi la Padre.

"Wazee wangu, mama zangu, nimewahi kuwadanganya."

"Tunajua!" wakaitikia.

"Senene hawakuwapo."

"Tunajuaaa!"

"Lakini mwezi upo. Na unakwenda kinyume. Niliusoma hivyo, na Fundi ameuunda hivyo, na mimi sibadilishi."

Kelele zikawa kama soko limeanguka. Mama alifumba macho. Mzee wa Kanisa aliinua mkono, akamgeukia Fundi. "Umemsikia shahidi wako. Kitoe kigurudumu, au ufunguo ubaki kwangu. Chagua."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Ubaki kwako, Waitu."

Alisema hivyo tu, taratibu, na watu wakanyamaza. Katika kimya kile ndipo tuliposikia pikipiki.

Padre aliingia uwanjani na kanzu yake nyeupe yenye vumbi, kitabu kimefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba. Pancha ilikuwa imemchelewesha. Padre wa Kikatoliki, kwenye uwanja wa Walutheri, siku ya Mavuno! Hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Desturi ikatuokoa. Mzee wa Kanisa mwenyewe alisimama, akamsogezea kikapu cha kahawa, na Padre akatafuna. Baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kumfukuza.

Akafunua kitabu. Akasoma kwa Kiingereza, na watu wakaitikia kwa vichwa bila kuelewa. Akasoma kwa Kiswahili, na vijana wakaanza kunitazama. Halafu akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akaieleza yote kwa Kihaya: jitu, pete, minane inayokwenda huku, mmoja mdogo unaokwenda kule. Bibi mmoja aliyekaa chini karibu na mikungu akauliza kwa sauti, "Peke yake?" Padre akamjibu, "Peke yake, mama." Yule bibi akapiga kigelegele kimoja kirefu, na uwanja mzima ukapasuka.

"Hicho ni kitabu cha Kikatoliki," akasema Mzee wa Kanisa, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Kimeandikwa na Waingereza, Waitu. Hata sisi kinatupa tabu."

Fundi hakungoja tena. Akakaza springi, akaachia. Ile minane ikakimbia, ushanga ukimetameta juani, na Mkaidi akaanza safari yake, kinyume, polepole, kwa ule waya mrefu. Akapita mbele ya kwaya. Akapita mbele ya Padre, aliyerudi hatua moja kumpisha. Akaelekea kwa Mzee wa Kanisa.

Mzee hakuinama. Nadhani aliona kuinama ni kukubali. Tunda la kahawa likafika kwenye ukingo wa kofia ya kijivu, likausukuma. Kofia ikasogea kidogo. Ikasogea tena. Watu mia kadhaa waliziba midomo kwa mikono. Haraka haikuwapo. Kofia ikafika ukingoni mwa kichwa, ikafikiri, ikaanguka, na mwezi ukaendelea na njia yake.

Mzee wa Kanisa alibaki na upara wake juani, ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Kwanza nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kweli, hadi akajishika magoti. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

"Chukua," akamwambia Fundi. "Leo tumesali bila kujua saa. Nami hii yangu ya mkononi, njoo unifundishe kuisoma."

Vijana walimnyanyua Fundi juu kwa juu, miguu yake mirefu ikining'inia, wakamzungusha uwanja mzima. Wakaanza kumzungusha kwa mkono wa kulia, mtu akapiga kelele, "Kinyume! Kinyume!" wakageuka wakaanza upya. Mimi nilibebwa pia, ingawa walioniangusha ni hao hao walionibeba.

Alasiri nilimkuta kanisani peke yake. Alikuwa amekwisha kuitia saa nguvu na amekaa benchi la mbele akiisikiliza. Kesho yake nilikuwa narudi shuleni, na tangu niondoke sijamwona tena.

"Huko Bukoba wana vitabu kama vile?"

"Wanavyo, Waitu."

"Basi nitafutie kama kuna mwingine. Majitu si yako mengi huko juu? Sidhani kama Zohali peke yake ndiye aliyepata mkaidi."

"Nikipata nitakuandikia."

"Andika mara tatu," akasema, "barua tatu, siku tatu mbalimbali." Tukacheka wote wawili hadi mwangwi wa kanisa ukacheka nasi.

Nimetafuta. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, naye anayo ya namna hiyo, tena zaidi ya mmoja. Barua ya kwanza nimeshaipeleka posta, ya pili ni kesho.

Mama, Jumapili ile, njia nzima kutoka kanisani hakunisemesha. Tulipita migomba ya majirani, watu wakinipigia makofi kutoka barazani, yeye anatazama mbele tu. Tulipofika mlangoni kwetu akavua kitambaa cha kwaya, akakikunja vizuri, akasema:

"Kesho kabla hujapanda lori, pitia kwa Fundi. Mwambie mama yako alikosea. Na usiongeze neno lako hata moja."